Mtu wa Akiba na Haki ya Kujua Zamu Yake

Tangu sheria za kandanda ziliporuhusu wachezaji watano wabadilishwe katika mchezo mmoja, kwanza kwa dharura ya maradhi ya Korona mwaka 2020, kisha kwa kudumu kuanzia 2022, benchi la akiba, ambalo hapo zamani lilikuwa mahali pa kungojea jeraha la mwenzio, limekuwa sehemu kubwa ya timu. Kwani katika wachezaji kumi wa ndani wanaoanza mchezo, nusu yao waweza kutoka na wengine watano wakaingia kabla ya filimbi ya mwisho kulia. Mashindano ya Kombe la Dunia hayakujua badiliko hata moja la mchezaji mpaka yalipofanyika Mexico mwaka 1970, na hapo yaliruhusiwa mawili tu kwa kila timu. Kwa hiyo makocha wetu, wa Ligi Kuu na wa shule, wa Songea mjini na wa hizi kata za mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay hata Liuli, Ngumbo na Lituhi, wamekabidhiwa swali ambalo waliowatangulia hawakupata kuulizwa kwa uzito huu: mtu aliyewekwa akiba ana wadhifa gani, nani apaswaye kumjulisha wadhifa huo, na timu hupatwa na nini asipojulishwa?

Swali hili si geni duniani. Uko mchezo mmoja, besiboli, ambao umelitafakari kwa zaidi ya nusu karne, ukalifanyia majaribio ya kila namna, na hasara na faida zake zikaandikwa daftarini siku kwa siku. Na ingawa mchezo huo ungali mchanga katika nchi yetu, nimeona ni vema niuite kuwa shahidi, maana jambo lililopimwa kwa muda mrefu ndilo lenye mafunzo ya kuaminika. Muradi wangu katika safu hii ni kuthibitisha dai moja: kwamba kinachoidhoofisha akiba ya timu ni kutojua, wala si kukosa cheo, na kwamba kumjulisha mtu wa akiba ataitwa katika hali gani ni deni lililo juu ya kocha, ambalo halilipwi kwa kumpa mtu jina kubwa, wala halifutwi kwa udhuru kwamba mchezo hautabiriki.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua mchezo huo, nieleze kwa ufupi. Timu mbili, kila moja ya watu tisa, hupokezana kupiga na kulinda katika vipindi tisa, na zamu ya timu kupiga haimaliziki kwa saa, humalizika pale wapigaji wake watatu wanapotolewa. Katikati ya uwanja, juu ya kituta cha udongo, husimama mrushaji, ambaye humrushia mpigaji mpira mdogo mgumu kutoka umbali wa mita 18 na nusu hivi, kwa mwendo ambao kwa mabingwa hufika kilomita 150 kwa saa na kupita, hata mpigaji hubakiwa na muda usiotimia nusu ya sekunde wa kuamua kama apige au aache. Kazi hiyo huutesa mkono kuliko kazi nyingi za michezo. Ndiyo sababu mrushaji aanzaye mchezo siku hizi ni nadra kuumaliza. Aghalabu huondolewa baada ya kipindi cha tano au cha sita, na mahali pake hushikwa na warushaji wa akiba, mmoja baada ya mwingine, na aliyeondolewa, kama ilivyo desturi ya kandanda, harudi tena. Warushaji hao wa akiba, ambao katika timu za ligi kuu ya Marekani huwa saba au wanane, hukaa mbali na wenzao, katika uga mdogo pembezoni mwa uwanja uitwao bulipeni, na kocha mkuu akimtaka mmoja wao hupigiwa simu huko. Timu moja hucheza michezo 162 katika msimu; basi simu ile hulia karibu kila siku kwa miezi sita.

Athari ya kwanza ya wadhifa usiojulikana huonekana mwilini. Mrushaji hawezi kuinuka kitini akaenda kurusha kwa nguvu zake zote. Sharti kwanza aupashe mkono moto, arushe mipira kumi, ishirini, pengine thelathini huko bulipeni, mpaka bega na kiwiko vilegee na vidole viupate mpira sawasawa. Anayejua kwamba ataitwa katika hali fulani huanza taratibu hali hiyo inapokaribia, akanyoosha viungo, akaongeza nguvu hatua kwa hatua. Asiyejua hukurupuka kila simu inapolia: leo ameinuka katika kipindi cha tano, akapasha mkono, akaambiwa aketi, ameinuka tena katika cha saba, akaambiwa aketi, na ameingia mchezoni katika cha tisa akiwa amekwisha rusha nusu ya nguvu zake mahali ambapo hakuna mpigaji wala mtazamaji. Mipira ile ya bulipeni haiingii katika hesabu rasmi ya mchezo, na kesho yake daftari litasema kwamba mtu huyu alirusha mara chache tu, yuko tayari kwa kazi. Lakini bega lake limekwisha ziandika zote, na mwezi wa Agosti, msimu unapoelekea ukingoni, ndipo bega hilo huanza kudai.

Athari ya pili ni ya akili. Ustadi wa mrushaji wa akiba hautokani na nguvu peke yake. Hutokana pia na maarifa juu ya wale atakaopambana nao. Kila mpigaji ana udhaifu wake: mmoja hushindwa na mpira wa kasi uliorushwa juu, mwingine na ule unaopinda na kushuka mbele ya magoti yake, na mpigaji atumiaye mkono wa kushoto humwona mrushaji wa kushoto kuwa mgumu kuliko wa kulia. Mrushaji aliyeambiwa kabla ya mchezo kwamba wapigaji wa tatu, wa nne na wa tano wa timu pinzani ndio amana yake leo, hutumia saa zake za alasiri kuwachunguza hao watatu, akaingia na shauri lililokamilika. Ilhali aliyeambiwa kwamba huenda akaitwa na huenda asiitwe, na akiitwa huenda ikawa dhidi ya yeyote, hulazimika kuwachunguza wote tisa, na mtu achunguzaye tisa kwa muda wa watatu hamjui hata mmoja barabara. Juu ya hayo huja fadhaa. Anayekaa akiba bila kujua atakalotakiwa hutumia saa mbili akiitazama simu, moyo ukipanda na kushuka kwa kila mlio, na fadhaa ya namna hiyo humchosha mtu kuliko kazi yenyewe.

Athari ya tatu hupita baina ya watu wenyewe, nayo naiona kuwa nzito kuliko zile mbili. Mahali ambapo mipaka ya kazi haikutajwa, kila anayeitwa humdhania mwenzake kuwa ameporwa, na kila asiyeitwa hujidhania kuwa ameshushwa daraja bila kosa. Mtu akishindwa jana na leo akaitwa mwingine, hawezi kujua kama amepumzishwa, ameadhibiwa au amesahauliwa, na katika giza hilo hujitafutia maelezo mwenyewe. Nayo maelezo ambayo mtu hujitungia kwa uchungu mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli. Hapo ndipo kikundi cha watu wanane, ambao wokovu wao umo katika kusaidiana na kupeana siri za wapigaji, hugeuka kuwa watu wanane wanaopimana.

Historia ya mchezo inaonyesha jinsi utaratibu ulivyozaliwa kutokana na haja hiyo, na jinsi utaratibu wenyewe ulivyopotoka baadaye. Zamani mrushaji wa akiba aliitwa wakati wowote na kwa muda wowote. Mwaka 1974 Mike Marshall wa Los Angeles Dodgers alitokea katika michezo 106, akarusha zaidi ya vipindi 208 bila kuanza mchezo hata mmoja, akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kupewa tuzo ya Cy Young, ambayo ni heshima kuu ya warushaji. Lakini mapema zaidi, karibu na mwaka 1960, mwandishi wa magazeti wa Chicago, Jerome Holtzman, alikuwa amebuni hesabu ya kumpa sifa mrushaji anayeulinda ushindi wa timu mpaka mwisho, na mwaka 1969 hesabu hiyo, ambayo hapa nitaiita hifadhi, ikaingizwa katika takwimu rasmi. Kisha mwaka 1988 Tony La Russa, kocha mkuu wa Oakland, alimkabidhi Dennis Eckersley kipindi cha tisa kuwa milki yake, timu ikiongoza kwa tofauti ndogo, na wengine akawapangia vipindi vya kabla ya hapo. Eckersley alipata hifadhi 45 mwaka huo, na mwaka 1992 akatunukiwa Cy Young pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Timu nyingine zikaiga, na mhitimishaji wa kipindi cha tisa, akitanguliwa na mtangulizi wa kipindi cha nane, akawa kama cheo cha serikali, chenye mipaka inayojulikana na mshahara unaojulikana.

Faida ya utaratibu wa La Russa ilikuwa kubwa, na haifai kuibeza. Kila mtu alijua saa yake. Mfano safi ni Kansas City Royals wa mwaka 2014, ambao walikuwa na Kelvin Herrera kwa kipindi cha saba, Wade Davis kwa cha nane na Greg Holland kwa cha tisa; timu pinzani iliyokuwa nyuma baada ya kipindi cha sita ilijua kwamba imebakiwa na njia nyembamba mno, nao Royals, timu isiyo na utajiri wa zile za New York au Los Angeles, walifika fainali mwaka huo na wakatwaa ubingwa mwaka uliofuata.

Lakini palitokea wenye fikra waliouliza swali la haki: kama mrushaji aliye hodari kuliko wote huwekwa kwa ajili ya kipindi cha tisa, na hatari kubwa kuliko zote ikaja katika cha saba, wapinzani wamejaa katika vituo vyote wanavyopitia kutafuta pointi na mpigaji wao mkali amesimama na gongo lake, kuna busara gani kumwacha hodari huyo ameketi na kumtuma aliye dhaifu? Boston Red Sox, ambao mwishoni mwa mwaka 2002 walikuwa wamemwajiri Bill James, bingwa wa takwimu aliyeitetea hoja hiyo kwa miaka mingi, waliuanza msimu wa 2003 bila mhitimishaji mteule, kwa nia ya kumtumia kila mmoja pale hali itakapomtaka. Hoja ilikuwa sahihi, lakini mwanzo wake ulikuwa mbaya. Siku ya kwanza ya msimu, tarehe 31 Machi, huko St. Petersburg katika jimbo la Florida, dhidi ya Tampa Bay, mrushaji Pedro Martínez aliwaachia wenzake uongozi wa pointi 4 kwa 1. Katika kipindi cha tisa Alan Embree akapigwa pigo lililovuka ukuta, likaleta pointi mbili. Akaitwa Chad Fox, na Carl Crawford akapiga jingine lililoleta tatu, Tampa Bay wakashinda 6 kwa 4. Miezi ya kwanza ikaendelea kwa shida, mwisho wa Mei wakampata Byung-Hyun Kim, na baadaye wakamfanya mhitimishaji. Msimu ulipokwisha wakamchukua Keith Foulke, naye akawafungia ubingwa wa 2004, wa kwanza kwao tangu 1918.

Watu wengi walitoa hukumu ya haraka kwamba fikra za James zilikuwa upuuzi, na hukumu hiyo imerudiwa mara nyingi mpaka ikawa kama methali. Mimi nasema ushahidi hausemi hivyo. Kwanza, warushaji wenyewe wa Boston katika majira yale ya kuchipua hawakuwa wakirusha vizuri, na hakuna utaratibu unaoweza kuufanya mkono mbovu kuwa mzima. Pili, watu karibu wale wale, Embree, Mike Timlin na Scott Williamson aliyeongezwa katikati ya msimu, walirusha kwa uhodari mkubwa mwezi wa Oktoba. Na usiku wa tarehe 16 mwezi huo, katika mchezo wa saba wa fainali ya ligi yao dhidi ya Yankees, msiba uliwapata Boston kwa sababu kocha mkuu Grady Little hakuwaita mapema, akamwacha Martínez aliyechoka kitutani katika kipindi cha nane mpaka uongozi wa 5 kwa 2 ukawa sare, kisha wakashindwa katika kipindi cha kumi na moja. Kwa hiyo kosa la Boston mwanzoni mwa msimu tulitafute mahali pengine: waliondoa utaratibu wa zamani, nao ulikuwa na kasoro, lakini hawakuweka mahali pake utaratibu mpya ulio wazi kiasi cha ule. Kumwambia mtu kwamba ataitwa hali itakapomtaka, bila kumwainishia ni hali gani, ni sawa na kutomwambia neno.

Kosa lililo kinyume cha hilo lilionekana mwaka 2016, nalo lilikuwa na uchungu zaidi. Baltimore Orioles walikuwa na Zach Britton, mhitimishaji ambaye katika msimu ule alipewa nafasi 47 za kuhifadhi ushindi akazihifadhi zote 47, na wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila vipindi tisa ulikuwa 0.54, jambo la nadra mno. Tarehe 4 Oktoba, huko Toronto, katika mchezo mmoja tu wa kuamua nani aendelee na nani arudi nyumbani, timu zilikuwa sare 2 kwa 2. Kocha mkuu Buck Showalter, ambaye kwa ujuzi alihesabiwa miongoni mwa waalimu wakubwa, aliwaita wengine mmoja baada ya mmoja, akimngojea Britton kwa ajili ya uongozi ambao ungehitaji kuhifadhiwa. Uongozi haukupatikana. Katika kipindi cha kumi na moja Edwin Encarnación wa Toronto alimpiga Ubaldo Jiménez pigo la pointi tatu, mchezo ukaisha 5 kwa 2, na Britton hakurusha hata mpira mmoja mchezoni. Hapa wadhifa ulikuwa wazi kama jua, lakini ulikuwa umefungwa katika jina na hesabu badala ya kufungwa katika haja ya timu. Cheo kikawa bwana, na waliokianzisha wakawa watumwa wake.

Mwezi ule ule, katika ligi ile ile, Terry Francona wa Cleveland alionyesha njia ya tatu. Timu yake ilikuwa imempata Andrew Miller kutoka Yankees siku ya mwisho wa Julai, mrushaji wa kushoto mrefu ambaye popote pengine angepewa kipindi cha tisa. Francona alimwachia Cody Allen kipindi hicho, na Miller akampa wadhifa usio na saa: aitwe pale wapigaji wakali wa wapinzani wanapofika mchezo ukiwa mikononi mwa yeyote, iwe ni katika kipindi cha tano, cha sita au cha nane. Katika mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya Boston aliingia katika kipindi cha tano. Na katika fainali ya ligi yao dhidi ya Toronto, kwa vipindi saba na theluthi mbili, aliwatoa wapigaji 14 walioshindwa kuupiga mpira uingie mchezoni, hakuruhusu pointi hata moja, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mfululizo ule. Kwamba mwishoni alichoka, na Cleveland wakashindwa na Chicago Cubs katika mchezo wa saba wa fainali kuu tarehe 2 Novemba, hakubatilishi somo. Kunaongeza tu kwamba mkono mmoja, hata uwe wa dhahabu, una mwisho wake.

Tukilinganisha Boston, Baltimore na Cleveland, tunaona mambo mawili ambayo watu huyachanganya na ambayo lazima yatenganishwe: kujua saa na kujua hali. Wavuvi wa usipa wa Ngumbo, wanapotoka usiku na taa zao, hawajui samaki watakusanyika saa ngapi, wala hawamlaumu kiongozi wa chombo kwa kutowaambia. Lakini kila mmoja anajua kwamba samaki wakikusanyika yeye atashika nini, na ndiyo sababu wavu huzama bila mabishano. Miller hakujua saa, lakini alijua hali. Britton alijua saa, lakini saa yake haikufika. Warushaji wa Boston, katika majuma yale ya mwanzo, hawakujua hili wala lile. Hivyo ndivyo ninavyolipima jambo zima: wadhifa mwema ni ule unaotaja hali na kumwacha kocha huru juu ya saa, na wadhifa mbaya ni ule usiotaja chochote au ule unaotaja saa peke yake.

Msomaji mwenye insafu atauliza: kama njia ya Cleveland ni bora, mbona wachezaji wengi huendelea kukililia kipindi cha tisa? Jibu limo katika mfuko. Katika besiboli ya Marekani, mshahara wa mrushaji wa akiba kwa miaka mingi umefuata hesabu ya hifadhi, na anayezipata hulipwa kuliko yule anayefanya kazi ngumu zaidi mapema. Mwezi wa Februari 2017 Dellin Betances wa Yankees, ambaye aliteuliwa miongoni mwa nyota wa ligi mwaka baada ya mwaka, alikwenda mbele ya wasuluhishi akidai dola milioni 5. Timu ilitaka kumlipa milioni 3, ikajenga hoja kwamba yeye si mhitimishaji. Na wasuluhishi wakaamua kwa upande wa timu. Baada ya hukumu kama hiyo, ni nani atakayemlaumu mrushaji kwa kukataa kuitwa katika kipindi cha sita? Kocha atakaye watu wake wakubali wadhifa wa hali badala ya wadhifa wa cheo, hana budi kuhakikisha kwamba sifa, malipo na heshima vinaifuata kazi yenyewe, la sivyo atakuwa anawaomba watu wajidhulumu kwa ajili yake.

Na mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya besiboli tu. Tarehe 5 Julai 2014, huko Salvador nchini Brazili, katika robo fainali ya Kombe la Dunia, Louis van Gaal wa Uholanzi alimtoa golikipa wake Jasper Cillessen dakika za nyongeza zikiwa zinamalizika, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti dhidi ya Costa Rica. Krul akazuia mbili, Uholanzi ikapita. Watazamaji wengi walidhani kwamba ni ramli ya mwalimu mwenye kiburi, lakini Krul alikuwa amekwisha ambiwa kabla ya mchezo kwamba penalti zikifika huenda akaitwa, na mtu aliyeambiwa hivyo hukaa benchi kwa namna nyingine kabisa: huwaza wapigaji wa wapinzani, huwaza mguu wa kila mmoja, na anapoinuka huwa anaingia katika chumba ambacho amekwisha kizuru kwa fikra. Katika nusu fainali Van Gaal alikuwa amekwisha tumia mabadiliko yake yote, Cillessen akabaki langoni, na Argentina wakashinda kwa penalti 4 kwa 2. Maandalizi ya mtu wa akiba hayana budi kuhesabiwa pamoja na nafasi ya kumwingiza, maana kimoja bila kingine hakifai.

Nirudi nyumbani. Besiboli ilianza kufundishwa kwa bidii nchini mwetu tangu mwaka 2012, kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, aliyekuwa amekwisha ieneza Ghana kabla ya hapo; na mwaka 2018, kwa msaada wa Japani, ulifunguliwa uwanja wa mchezo huo katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ukapewa jina la Koshien, kwa heshima ya uwanja maarufu wa Japani ambako wanafunzi wa sekondari hushindana kila mwaka. Urithi huo una nidhamu na adabu ambazo nazistahi kwa moyo wote. Lakini una hatari moja, nayo ni desturi ya kumbebesha mwanafunzi mmoja mzigo wa timu nzima: mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka, kijana wa shule, alirusha mipira 250 katika mchezo mmoja wa vipindi kumi na saba, na mwaka 2018 Kosei Yoshida alirusha mipira 881 katika mashindano yale ya Koshien peke yake. Wajapani wenyewe waliitambua hatari hiyo, wakaweka mwaka 2020 mpaka wa mipira 500 kwa juma. Mahali ambapo akiba haina wadhifa, kocha mwenye hofu humrudia yule yule anayemwamini, na mtoto hodari hulipa kwa bega lake deni la kocha asiyewaandaa wengine.

Jirani zetu wa Uganda walijifunza jambo hilo kwa njia ya sheria. Timu ya watoto wa Lugazi, iliyokuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania mwaka 2012, ilicheza chini ya kanuni zinazomkataza mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na zinazomtaka apumzike siku nne akifika 66. Kanuni kama hiyo humlazimisha mwalimu kupanga: hawezi kungojea hatari ifike ndipo aanze kutazama benchini, kwa kuwa sheria imekwisha mwambia kwamba mtu wake wa kwanza atakwisha, na kwamba wa pili na wa tatu sharti wawe na majina, na wajijue.

Basi nawaambia makocha wa upande wetu, wanaowaandaa vijana kwa mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na wanaoongoza timu za kata na vijiji mwambaoni, kwamba mtu wa akiba anastahili kuambiwa mambo manne kabla mchezo haujaanza, tena kwa maneno machache asiyoweza kuyakosea. Aambiwe hali itakayomwita: tukiwa mbele, tukiwa nyuma, au mwenzake fulani akichoka. Aambiwe atapambana na nani, apate kumtazama tangu dakika ya kwanza kwa jicho la mtu mwenye kazi. Aambiwe ataanza lini kupasha misuli moto, na kwamba akiinuliwa kwa ajili hiyo asichezewe kwa kuketishwa na kuinuliwa ovyo. Na baada ya mchezo aambiwe kwa nini aliitwa au hakuitwa, maana mtu anayejua sababu ya jana huiamini ahadi ya kesho. Mpango ukibadilika kwa jeraha au kwa kadi nyekundu, nao utabadilika, kocha na amwambie upya pale pale. Badiliko lililotangazwa haliharibu imani, linaloiharibu ni lile ambalo mtu huligundua mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba siri ni silaha, na kwamba mchezaji asiyejua hatima yake hujituma zaidi kwa hofu ya kusahauliwa. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, nami naikataa kwa sababu ya wazi: siri dhidi ya wapinzani ni tadbiri, siri dhidi ya watu wako ni dhuluma. Hofu humfanya kijana akimbie sana katika mazoezi ya Jumanne, lakini Jumamosi, anapoitwa mguu baridi na akili tupu mbele ya umati, haimpi hata moja ya yale anayoyahitaji. Majimaji ya Songea, waliouletea mkoa wetu ubingwa wa nchi mwaka 1985, 1986 na tena 1998, walikumbukwa kwa majina ya wale walioanza michezo, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Timu za zama hizi zitashinda au kushindwa kwa wale wanaoingia baadaye, na mwalimu ambaye hajawaambia watu hao kazi yao asishangae wanapoingia kama wageni, wala asiwalaumu: lawama ya mtu aliyetumwa bila kuagizwa humrudia aliyemtuma.